Kisu Chini ya Shati

Mahindi ya shamba langu la kule Misima yalikuwa yameanza kubeba nilipomkuta ng'ombe shambani alfajiri, peke yake, anakula bila haraka. Hasira ikanipanda. Nikamkata panga mguu wa nyuma, akatoka akiuburuta. Ndivyo baba alivyotulea: ng'ombe wa mfugaji ni mdomo tu, ukimwonea huruma wanao watalala njaa. Sikujiuliza mara mbili. Nikarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa.

Saa nne akaja mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa miaka yote, safari hii mikono mitupu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Twende ukachinje, jirani. Yule ng'ombe wa maziwa yenu ameumizwa, hawezi kusimama tena. Tukichinja wenyewe, nyie Waislamu hamtakula."

Ningeweza kusema pale pale. Nilisema "Poleni," nikaenda kunoa kisu.

Nilikinolea nyuma ya nyumba, nikakiviringisha kwenye kitambaa na kukificha chini ya shati, maana tumefundishwa mnyama asikione kisu. Tumefundishwa pia tumpe maji, tumlaze taratibu, tusimchinje mbele ya mwenzake. Nayashika yote hayo, na nilikuwa najisifia. Huruma yangu yote kwa mnyama nilikuwa nimeiweka akiba kwa dakika zake za mwisho. Habari za kabla ya hapo hakuna aliyenifundisha, wala mimi sikuwahi kuuliza.

Bomani kwao, mama yule alikaa chini, akapakata kichwa cha ng'ombe na kumsemesha Kimaasai kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Ndama alikuwa amefungwa mbali, analia. Mzee, mume wa yule mama, akaniuliza kama nimesikia ni nani aliyefanya unyama huu.

"Watu wamekuwa wabaya, mzee," nikajibu. Nilijichukia, lakini nilijibu hivyo.

Nikasogea. Ng'ombe aliponiona akatoa macho, akajitutumua kuinuka kwa miguu mitatu, akaanguka, akajitutumua tena hadi akamwangusha mama wa watu vumbini. Alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Ameona kisu," mzee akaniambia kwa upole, kama anayeniomba radhi.

Kisu kilikuwa bado chini ya shati.