Mume Wangu Aliingia Msibani Kwake na Gunia Begani

Siku ya pili ya msiba wa mume wangu, mume wangu aliingia uani akaniomba chai.

Sijakosea kuandika, na kichwa changu kizima.

Alikuwa na gunia begani. Mguu wa kushoto anauburuza vilevile, kama mtu anayefagia njia anayoipita. Akasimama penye mlango wa uani, akakohoa kikohozi chake kikavu, akasema:

"Mama Shamimu, chai. Sukari usiweke, wewe mwenyewe unatosha."

Maneno hayo nimeambiwa kila asubuhi tangu nikiwa bibi harusi.

Wanawake tuliokuwa tumekaa nao mkekani wakaangua kicheko. Na mie, mjane mbichi, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Ngojeni niwarudishe nyuma, la sivyo mtasema bibi huyu kachanganyikiwa.

Nassibu wangu alikuwa kuli bandarini mchana, jioni msanii. Enzi zetu mashirika yalikuwaga na vikundi vya sanaa. Kikundi chao kilikuwa na mchezo mmoja wa kuigiza, nyimbo tupu mwanzo mpaka mwisho, ukiitwa Mfalme wa Magunia. Ni habari za kuli aliyejiona mfalme na magunia ndio raia zake. Mwisho gunia moja linamshinda, anaanguka, anakufa huku anaimba.

Mfalme alikuwa Nassibu.

Wenzake walikuwa wanasema gunia lijazwe makapi, nani atajua? Yeye akakataa. Alipanda jukwaani na mchele wa kweli, shingo imesimama mishipa. Akianguka, ukumbi mzima unanyamaza, unasikia wale wa nyuma wanavuta kamasi.

Kikundi kikafa, kama vilivyokufa vingine. Nyimbo zikabaki kwenye vichwa vya watu wa rika letu, tukipika, tukifua.

Basi mwaka jana Shamimu, binti yangu, akaja na simu. "Mama, baba, tazameni. Mfalme wa Magunia anarudishwa jukwaani, Kinondoni. Taa, bendi, kila kitu."

Kuanzia hapo mtaa wetu wa Mtoni Kijichi haukuwa na habari nyingine. Nani atakuwa Mfalme?

Kwenye grupu la mtaa huyu akisema atapewa mwimba singeli, yule akisema mchekeshaji, maana ndio wanaojaza ukumbi. Faraji, mpwa wa mume wangu, fundi pikipiki, mdomo wake hauna breki, akaandika: "Mfalme yupo Kijichi, anakunywa uji. Mnatafuta nani?"

Nassibu akasema, "Mie nishapita sabini. Nani anitake na goti hili?"

Lakini nikamsikia bafuni anajaribu sauti.

Wiki hiyohiyo akaja mwongozaji mwenyewe, Tekla, binti wa Goba, na kijana wa kamera. Adabu tele. Akavua viatu hata pasipovuliwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu mkeka."

Walimpiga picha za video asubuhi nzima. Anatembea kwenda getini, anarudi. Anakunywa chai. Ananitania na ile sukari yake.

"Babu, kohoa tena kidogo."

"We mwanangu, hata kikohozi kina mazoezi?" Lakini akakohoa. Alikuwa na furaha, angeambiwa apige chafya angepiga.

Kitu kimoja tu aliwanyima. Tekla alimwomba aonyeshe lile anguko la mwisho. Akatikisa kichwa.

"Anguko haliigizwi mikono mitupu. Siku yake ikifika mtaliona."

"Basi babu, tutakupigia simu."

Walipoondoka, mtaa mzima ukajua Mfalme ameshapatikana. Watoto wakawa wanampigia saluti. Muuza kahawa akawa anamwongezea kashata bila kuombwa. Na mie nilijaa, jamani. Nilitembea nimejaa kama kanga mpya.

Nassibu akaanza mazoezi. Gunia la pumba kwanza, uani, kutoka jikoni mpaka kwenye pipa la maji. Kisha akatia mchanga. Siku ya kliniki ya presha ikapita, nikamuuliza.

"Ushawahi kumwona mfalme kwenye foleni ya presha?"

"Nimewahi kuwaona makaburini."

Akacheka, akalibeba tena.

Jumanne moja alasiri simu ikaita. Akaipokelea nje, kanipa mgongo. Nilichokisikia ni neno moja tu: "Alhamdulillahi." Kisha akasikiliza sana. Kisha akasema maneno mengine kwa sauti ya chini ambayo sikuyapata.

Akarudi ndani, akaniambia nimpigie pasi kanzu ya Idi.

"Wamekuchukua?" nikamuuliza.

"Kanzu, mama Shamimu. Alhamisi nina mgeni."

Faraji aliyekuwa kibarazani akadakia, "Mjomba umetoboa. Mkataba huo unakuja."

Nassibu akatabasamu, hakujibu. Sie tukajijibu wenyewe.

Kesho yake asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, akalitwika lile gunia la mchanga. Alivyoanguka nitasema mbele kidogo, maana ndipo kisa chenyewe kilipo. Itoshe kwamba alasiri hiyohiyo tulimzika.

Sasa, kwa mnaosoma ambao si watu wa kwetu: sie Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi. Mtani akifika msibani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anadai anachotaka. Hakasirikiwi wala hanyimwi. Anakuchekesha kwa nguvu ili usipasuke. Na kwetu ni aibu mtu kuzikwa asiigizwe.

Mtani wa Nassibu alikuwa Badru, kuli mwenzake, aliyerudi kwao Urambo kulima. Walishaahidiana, atakayetangulia mwenzake amvae. Tulimpigia simu siku nzima, haipatikani.

Kwa hiyo Alhamisi, kijana alipotokea getini na gunia begani, na ule mwendo, hakuna aliyeuliza. Faraji alisimama chini ya turubai akasema, "Wapisheni. Badru kamleta mtani."

Ndio nikaombwa chai.

Ustadhi akaguna, mjane yuko eda. Shoga yangu mmoja akamjibu palepale, "Mtani hana eda, ustadhi. Kunywa kahawa yako."

Waombolezaji wenyewe wakamuuliza, "Mfalme, hukuacha hata kanzu?" Nikamwagiza Shamimu, ikaletwa ile ya Idi iliyopigwa pasi, na kofia, na fimbo. Kijana akavaa. Weupe wake wa Kiarabu Arabu tukaufanyia mzaha, Mnyamwezi gani huyu kaiva nusu. Akakohoa, tukafa kwa vicheko.

Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu. Akasema polepole, kwa sauti ileile ya mume wangu:

"Mama Shamimu, hebu nikumbushe. Nilianguka vipi?"

"Kama kiazi," mmoja akasema nyuma. Wakacheka.

"Nataka kwa mke wangu."

Mtani hanyimwi. Nikasimama nikamwonyesha.

Gunia Nassibu hakulitupa. Mkono wa kushoto uliutafuta mdomo wa pipa, ukaukosa, ukautafuta tena. Goti la kulia likatangulia chini taratibu, kama mtu anayekwenda kusujudu. Mdomo ukafunguka kama anataka kuimba, sauti haikutoka. Ndipo akanitazama, vile anavyokutazama mtu aliyetoka sokoni na mzigo kichwani, akasema, "Nitue, mama Shamimu."

Nilikuwa na birika la moto mkononi. Nikawa natafuta pa kuliweka.

Yule kijana hakucheka. Akasema, "Mkono tena, tafadhali. Uliutafuta mdomo wa pipa, au ubavu?"

Nikamwonyesha tena. Akainuka, akatwika gunia lake, akaanguka mbele yetu. Vilevile. Vicheko vikakatika kama umeme. Nikafumba macho; nilipoyafumbua alikuwa keshaondoka, na kanzu.

Siku ya arobaini Badru akafika, mwembamba, macho mekundu. Simu yake ilikuwa imeingia maji, habari ilimfikia kwa mdomo wa watu.

"Shemeji, nisamehe. Nimekuja kumvaa rafiki yangu."

"Si umemtuma kijana? Kafanya kazi nzuri."

"Kijana gani? Mie Dar hii sina mtu."

Nikamwita Shamimu aje asikie.

Nyie mnajua mitaa yetu. Jioni ileile ikawa habari kwamba Nassibu alikuja mwenyewe kuchukua kanzu yake. Shamimu akaacha kulala peke yake. Na mie, Mungu anisamehe, nikaanza kumwekea kikombe.

Nilipotoka eda, Tekla akaleta tiketi, viti vya mbele, kwa heshima ya marehemu. Mfalme mpya ni nani, akasema ni siri. Kwenye mabango wameweka mgongo tu na gunia, watu wabishane mpaka siku yenyewe. Na watu walikuwa wanabishana kweli.

Tukaenda Kinondoni, mie, Shamimu na Badru.

Taa zikazimika, ngoma ikaanza, Mfalme akaingia. Mguu wa kushoto unaburuzwa.

Shamimu akanishika mkono akanifinya. Mie nilikuwa natazama kanzu. Kwenye kwapa la kulia kulikuwa na mshono wa uzi wa bluu. Nimeushona mwenyewe, siku niliyokosa uzi mweupe.

Zile nyimbo sikuzisikia. Nilikuwa nangoja.

Anguko likafika. Hapakuwa na pipa, waliweka nguzo. Mkono ukaitafuta, ukaikosa, ukaitafuta tena. Goti la kulia. Mdomo ukafunguka bila sauti. Na kwenye kimya kile cha ukumbi mzima, akageukia upande wangu, sijui kama aliniona, akasema:

"Nitue, mama Shamimu."

Watu walisimama. Makofi, miluzi. Dada mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Huyu mtoto anajua kufa, wallahi."

Mie mikono yangu ilikuwa juu, hivi, kama ya kupokea mzigo. Sikujua niishushie wapi.

Baadaye Tekla akatupeleka nyuma ya pazia. Kijana alikuwa ameshanawa uso. Jina lake Khalil, wa Msasani, mdogo wa kuwa mjukuu wangu.

"Shikamoo bibi."

Sikuitikia. Badru ndiye alisema: "Mie ndiye mtani wa Nassibu. Wewe, msibani kakutuma nani?"

"Yeye mwenyewe."

Akasimulia kaangalia chini. Tekla alishindwa kumwambia mzee kwamba wamechukua kijana. Kwa hiyo Khalil akampigia yeye, ile Jumanne. Akamwambia, babu, Mfalme ni mie, unisamehe. Mzee akasema Alhamdulillahi.

"Nikamwomba anifundishe anguko, maana kwenye picha halimo. Akasema, njoo Alhamisi na gunia lako. Nikaja, nikakuta turubai. Kabla sijasema neno mmeniita mtani, mmenipisha. Niliogopa, bibi. Nikafanya nilichokuwa nakijua kutoka kwenye zile picha. Halafu nikaona kile nilichokifuata bado kipo, kwako."

Basi mume wangu alijua. Alijua Jumanne kwamba wamemkosesha, akalala na mie usiku mzima na siri yake, na asubuhi akabeba mchanga ili Alhamisi asiaibike mbele ya mwanafunzi.

Na hakuniambia, maana sie tulikuwa tumeshashangilia.

Badru akasema, "Mtani akichukua harudishi. Asiye mtani akichukua, kaiba. Mdai, shemeji."

Khalil akaanza kufungua vifungo vya kanzu.

"Kaa nayo," nikamwambia. "Nirudishie anguko."

Tekla akasema kwa upole, "Bibi, kesho tuna onyesho tena. Watu wanakuja kwa ajili ya pale."

"Tafuta anguko lako, mwanangu. Hilo lina mwenyewe."

"Nimelitafuta, bibi," Khalil akasema. "Sina."

Nilimwamini. Hilo ndilo baya zaidi, nilimwamini.

Wanaendelea mpaka leo, kila mwisho wa wiki. Nikienda sokoni kuna watu wananionyesha kidole, mama Shamimu yule. Badru alirudi Urambo, hakumvaa rafiki yake, hapakubaki cha kuvaa.

Nyie wanangu mnaonisoma, mie elimu yangu ya darasa la saba, nina moja tu la kuwaachia. Msiba ukikufika, cheka na watani, ni haki yao na ni dawa yako. Ila kabla hujamwonyesha mtu jinsi maiti wako alivyoondoka, muulize katoka kwa nani na anakwenda nayo wapi. Nguo za marehemu unaweza kuzigawa. Kifo chake ulikiona peke yako, na ukikitoa, kinakuwa cha kila mwenye tiketi.