Gia Katika Mafuta ya Kalimati

Kosa langu la kwanza kwenye ile skuta lilikuwa kuingiza gia kwa nyundo. Nilisimamisha shafti juu ya gogo, nikaweka kipande cha mbao juu ya gia ili nisiiumize, nikapiga. Iliingia kidogo, ikakaa upande. Nikapiga upande wa pili ili kuinyoosha. Nilisikia mlio mwembamba, kama wa kikombe kinachopata ufa, nikajua kabla sijatazama. Gia mpya, moja kati ya mbili zilizoletwa na lori kutoka Dar es Salaam, ilikuwa imepasuka kuanzia tunduni hadi kwenye jino.

Skuta yenyewe ilikuwa ya serikali. Aliyeipanda ni bwana afya wetu wa Kilwa Kivinje, mtu wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa akienda nayo kuchanja ndui katika vijiji vipya vya ujamaa huko nyuma ya Njinjo, na mchanga na milima ya njia ile ilikuwa imekula meno ya gia mbili. Vijiji viwili vilikuwa bado. Mvua zikishaanza, njia haipitiki hadi zikatike, na watoto wa kule wangekaa muda wote huo bila chanjo.

Nilikuwa nimemwambia kwamba kazi hiyo naijua. Sikuwa nikiijua. Mambo yangu yote nimejifunza kwa kufungua vitu: cherehani ya mama, baiskeli za jirani, pikipiki mbovu iliyoachwa nyuma ya jengo la Wajerumani. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kazi yangu inatosha. Nilikuwa nikikaza nati, natoka nje, narudi kuigusa tena. Nikifunga kufuli la karakana, nafika njia panda, nageuka kwenda kulivuta.

Nilimpelekea ile gia iliyopasuka ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Aliigeuza, akauliza kama inaungika. Nikasema haiungiki. Akasema ataagiza nyingine, na kwamba hiyo ndiyo ya mwisho itakayowahi kufika kabla ya mvua.

"Na ndugu fundi," akaniambia nikiwa mlangoni, "mimi nataka skuta ipande mlima. Sikuomba ing'ae."

Siku za kungoja nilizitumia kufikiri. Tundu la gia limetengenezwa dogo kuliko shafti kwa makusudi. Kule kubana ndiko kunakoishikilia. Ningelipanua kwa tupa, gia ingeingia kwa raha, kisha ingezunguka peke yake kwenye mlima wa kwanza. Nilijua chuma kikipata moto kinatanuka. Lakini niliogopa makaa. Niliwahi kuchoma tindo kwenye makaa hadi ikawa ya buluu, na tangu hapo ikawa inapinda kama bati. Meno ya gia yakilainika hivyo, ni afadhali yale ya zamani. Nilihitaji moto usiozidi, na unaofika kila upande sawasawa.

Gia ilifika katikati ya Ramadhani. Ng'ambo ya barabara, mbele ya karakana, mama mmoja hukaanga kalimati kila baada ya alasiri, na watu husimama na sahani wakingoja kwenda kufuturu. Nilikuwa nimemtazama siku nyingi akipunguza kuni na kuongeza, kalimati zikitoka zote rangi moja. Siku ile ndipo nilipoyaona mafuta kuwa ndiyo moto niliouhitaji.

Nilivuka nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua macho. Nilipomweleza shida yangu aliinua.

"Chuma cha pikipiki? Kwenye futari ya watu?"

Nilimwonyesha gia zote mbili. Nilikuwa nimezisugua kwa majivu na sabuni, nikazichemsha, nikazisugua tena. Alikataa hata hivyo, akasema Mungu asingemwelewa. Bwana afya, aliyeileta gia na kuvuka pamoja nami, akamweleza habari ya vijiji viwili na watoto. Mama yule alifikiri, akamaliza mkupuo wake, akaliweka karai chini. Akaleta jingine kuukuu, akamimina mafuta ya jana yaliyokwisha kuwa meusi, akaniambia nisiguse kuni, moto ni wake.

Wanawake wenye sahani walisogea kutazama.

"Mama, nipimie na mimi hizo mbili," mmoja alisema.

"Hizi za wenye meno. Wewe yako yamebaki mangapi?"

Walicheka, na mimi nikaendelea kuzigeuza gia ndani ya mafuta zipate moto kila upande.

Tulikuwa tumepanga kazi kwenye mlango wa karakana. Shafti ilisimama juu ya jeki ya lori, na kando nilikuwa na kipande cha bomba cha kuweka juu ya gia, ili jeki ikipanda, bomba ligote kwenye boriti ya mlango na kuisukuma gia chini. Nilitoa gia ya kwanza kwa ndoano ya waya, nikavuka nayo barabara nikikimbia, nikaivika. Iliteleza kwa uzito wake mwenyewe hadi kwenye bega la shafti, pale shafti inaponenepa, ikatulia. Nilipitisha wembe kati yake na bega. Haukuingia popote.

Ya pili ilisimama kabla haijafika. Wembe uliingia upande mmoja. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuitoa na kuanza upya, nami nilijua kwamba ilikuwa inapoa, inaanza kubana, na kwamba nikiivuta nitaivunja kama ile nyingine. Nilisimama tu.

"Jeki," bwana afya alisema, akaliweka bomba juu ya gia na kulishika kwa kitambaa.

Nilipiga jeki. Boriti ililia, vumbi la chokaa likatumwagikia kichwani. Niliendelea. Niliona gia ikisogea, kidogo sana, kisha jeki ikawa nzito. Nikaingiza wembe. Ukagoma huku, ukagoma na kule.

Kesho yake asubuhi giaboksi ilikuwa imefungwa, na yeye alikuwa amefika na mkoba wa chanjo. Nilimwomba anipe hadi adhuhuri niifungue mara moja tu, nitazame.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Sasa unafungua kutafuta nini?"

Nilimpa ufunguo. Nilibaki barabarani nikisikiliza akibadilisha gia, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi sauti ikapotea upande wa mlimani. Siku zilizofuata sikufanya kazi ya maana. Kila gari lililoingia mjini nilidhani limebeba skuta mbovu.

Alirudi akiwa ameipanda, amelowa, skuta imejaa matope hadi kwenye taa. Mvua ilikuwa imemkuta njiani. Alisema vijiji vyote viwili amevimaliza, na kwamba waya wa breki umelegea.

Bado mimi ni mwoga wa kazi yangu. Lakini tangu hapo sijafungua tena kazi ambayo sijaona kosa ndani yake. Napima, nafunga, namkabidhi mwenyewe.