Daraja la Alama Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kiirua, nilikabidhiwa gurudumu lenye mpini la kupimia umbali, na fomu za ukaguzi. Msimamizi wangu, mama wa maneno machache, alinionyesha njia iliyoingia msituni. "Kijana, hapa hatupimi na macho. Unatembea. Ukipata maji imekula njia, unaingiza kijiti, unaandika." Nikadhani nimepata kazi ya kutalii. Masikini mimi.

Kazi ilikuwa kukagua njia za wapanda mlima. Kila mita mia unasimama: upana, kina cha mtaro uliochimbwa na mvua, hali ya ngazi na madaraja. Kisha unatoa alama, tano kwa njia salama, moja kwa njia ya kufungwa. Tulichimba vijifereji vya kuyatoa maji pembeni, na wenye mashamba mpakani mwa msitu wakavigeuza vielekee kwenye viazi vyao. Mvua ikizidi, wanayarudisha kwenye njia! Nilibishana nao mpaka koo likakauka.

Wakulima niliwasamehe. Ofisi ndiyo iliyonipandisha presha. Ukaguzi ulifanywa kiangazi tu, kwa sababu wakati wa mvua gari halipandi. Basi njia zetu, kwenye karatasi, zilikuwa kavu daima.

Baadaye nilihamishwa Siakago, kwenye mawe na jua kali, na baada ya miaka kadhaa nilirudishwa Kiirua chini ya Mkuu wa Kituo mpya. Kulikuwa na daraja la magogo mawili juu ya mto. Nilichoma gogo moja kwa kisu, kikazama hadi mpini. Nikaandika alama moja.

Mkuu akaguna. "Mzee Kirimi, ukiandika moja lazima tufunge njia, na wageni wanakuja Saturday. Weka tatu, tutarekebisha."

"Lini?"

"Bajeti ikikuja."

Nikaweka tatu, nikasaini, nakala ikabandikwa getini. Mwaka uliofuata, tatu tena. Hasira zangu zote ziliishia nyumbani, kwa mke wangu.

Msimu wa mvua nilimkuta Kathure, mpagazi na mama wa watoto wanne, akivuka na mzigo wa mgeni mgongoni. Gogo likabonyea, mguu ukazama hadi gotini. Nilimvuta kwa mkono, mzigo ukaenda na maji.

"Baba Kendi," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "si ile karatasi ya gate inasema daraja iko sawa? Na ni wewe umesaini."

Mkuu alitaka tatu, lakini kalamu ilikuwa yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kesho yake nilipanda na msumeno, nikayakata magogo yote mawili. Mkuu alifoka, akaniandikia barua ya onyo, na cheo nilichokuwa nikikingojea kikapotea. Bajeti? Ilifika baada ya wiki mbili!

Sasa nimestaafu, nalima viazi vyangu. Barua ile ninayo bado. Inasema kwamba, kutokana na kitendo changu, daraja halifai kupitwa na mtu yeyote. Katika miaka yangu yote kazini, hiyo ndiyo karatasi pekee ya ofisi iliyosema kweli kuhusu daraja lile.