Pedi za breki za mbio kwenye gari la kwendea kazini: yaliyonikuta hapa Babati

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeamua kuandika. Sitaongeza chumvi. Palipo na aibu yangu nitaiacha ilivyo, maana hamnijui sura.

Mimi ni mpima ardhi, naishi Bagara hapa mjini. Mke wangu, Mama Joan, alifariki miaka mitatu iliyopita. Joan mwenyewe yuko chuo Dodoma. Kwa hiyo nyumba ya vyumba vitatu nakaa mimi na redio.

Nina kigari cha zamani cha Kijapani, gia za mkono, injini bado ina hasira. Ndicho cha kwendea kazini na ndicho ninachoenda nacho track day, siku ya kukimbiza magari.

Msicheke. Kuna jamaa wa Arusha na Moshi, tumejuana kwenye group la WhatsApp. Mara mbili tatu kwa mwaka tunakodi kiwanja cha zamani cha ndege za kunyunyizia dawa mashambani, tunapanga matairi mabovu kuwa kona, tunakimbiza magari kwa zamu.

Siku hiyo nacheka mpaka mbavu zinauma. Jioni kila mtu anasema "tutafutane mkuu", halafu hakuna anayemtafuta mwenzake mpaka siku nyingine kama hiyo.

Mimi nilikuwa naishi kwa ajili ya siku hizo. Ndiyo maana nikafanya ujinga ninaowasimulia.

Mara ya mwisho pedi zangu za kawaida za breki zilinikatalia. Mzunguko wa nne tu, harufu ya kuungua, nakanyaga na gari linakwenda kama halijasikia. Ikabidi nipaki, nitazame wenzangu. Iliniuma, wakuu. Iliniuma kuliko inavyotakiwa kumuuma mtu wa umri wangu.

Niliporudi nikaagiza pedi za mbio. Fundi wangu hakuzipenda.

"Kiongozi, hizi ni za siku ile moja. Siku zingine utafanyaje?"

Nikamwambia funga. Tukazijaribu saa nane mchana, jua kali, tukazunguka mji mzima. Zilishika vizuri ajabu.

Kosa likawa hapo. Kwa wasiojua: pedi za mbio zinataka joto ndipo zishike. Zikiwa baridi ni vipande vya mbao tu. Na sisi wa Babati, mwezi wa saba asubuhi, tunajua kupasha injini. Gari linanguruma nje, wewe uko ndani unamalizia chai. Breki hakuna anayezipasha, na mimi sikuwaza kabisa.

Halafu zilikuwa na kelele. Nikipunguza mwendo tu, kiiii, mtaa mzima unageuka. Jirani yangu Mama Frida, anayeuza maziwa getini kwake, hakuniacha.

"Baba Joan, hilo gari linawika kuliko jogoo wangu!"

Nilikuwa naona haya. Namwambia "nisamehe jirani", naingia ndani, nafunga mlango.

Miezi miwili nilizunguka mjini tu kwa mwendo mdogo, sikuona tatizo. Sasa asubuhi moja ya baridi natoka kwenda Mutuka kupima shamba. Barabara inateremka, chini naona ng'ombe wanavuka. Nikakanyaga breki. Pedali ngumu, gari linaendelea. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Nikakata usukani, nikaingia mtaroni, taa moja ikapasuka. Ndama amesimama hatua moja kutoka kwenye boneti, ananitazama.

Mchungaji alikuwa mzee wa Kibarbaig, shuka begani na fimbo. Nilitegemea matusi, na nilistahili. Nikashuka, neno la kwanza kunitoka likawa "Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akachungulia kiti cha mbele, akachungulia cha nyuma. "Iko nani mwingine ameumia?"

"Hakuna, mzee. Niko peke yangu."

"Peke yako? Aa. Basi hakuna shida."

Akawapigia ng'ombe wake mluzi, akaondoka.

Najua alikuwa na nia njema. Lakini ile kauli ilinikaa kifuani. Peke yako, basi hakuna shida.

Nilikaa ukingoni mwa mtaro nikalia. Hata msibani sikulia vile, nilijikaza kwa ajili ya mtoto. Joan alikuwa kwenye mitihani, sikutaka kumtia hofu. Nikaandika kwenye group: "Wakuu, nimepata ajali ndogo." Zikaja "pole mkuu" mbili. Halafu mtu akaweka picha ya rimu anazouza.

Wakulima wa pale wakanisaidia kulisukuma gari litoke mtaroni. Nikaendesha taratibu mpaka kwa fundi. Hakunisema, Mungu ambariki. Akatoa pedi za mbio, akafunga za barabarani zinazovumilia joto zaidi kidogo ya zile za mwanzo, akabadilisha na mafuta ya breki. Hizi zinashika tangu asubuhi, na hazilii kabisa.

Saa kumi na mbili jioni nikaingia mtaani kimya. Hakuna aliyegeuka. Nikafunga geti, nikabaki nimekaa ndani ya gari. Nikawaza, siku nisiporudi nani atajua? Nilipoingia ndani hata redio sikuwasha.

Haikupita nusu saa, geti linagongwa kwa fujo.

"Baba Joan! Baba Joan, upo?"

Nikatoka. Ni Mama Frida, kanga kiunoni, anahema.

"Nipo, jirani. Kuna nini?"

"Sijasikia breki zako! Kila siku zikilia najua umefika, ndipo nafunga geti langu. Leo nimengoja, nimengoja. Nikasema huyu kapatwa na nini?"

Miezi miwili mizima kuna mtu alikuwa anangoja nifike ndipo afunge geti lake, na mimi nakimbilia ndani kwa aibu ya kelele.

Nikamweleza yote, hadi ng'ombe, hadi kulia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hizo za kimya, nitajuaje umefika?"

"Nitapiga honi."

"Piga mbili," akasema. "Moja kila mtu anapiga."

Wakuu, nilichojifunza: kama gari ni moja na kazi ni mbili, chagua pedi za barabara yako ya kila siku, yenye baridi na ng'ombe. Za mbio ziweke kwenye boksi, uzifunge kulekule uwanjani, ukimaliza uzitoe kabla hujarudi.

Wenye uzoefu wa pedi nikosoeni, sitanuna. Na wewe unayeishi peke yako, andika hapa chini ni nani anayejua ukifika nyumbani. Jioni zangu ni ndefu, nitasoma zote. Ila saa kumi na mbili msinitafute, niko getini napiga honi.

Mbili.