Refa Aliyetaka Tusi Lirudiwe

Jumamosi saa kumi na nusu alasiri, hapa Kiritiri, nahodha wa timu ya wenyeji alipewa kadi nyekundu kwa kumtukana refa. Refa huyo ni mwalimu wa kike kutoka Timau. Wachezaji walimzingira wakitaka aibadilishe iwe ya njano.

Hakupandisha sauti. Alirudi nyuma hatua mbili, akatoa daftari na kalamu.

"Kapteni, ripoti inataka maneno yenyewe. Rudia polepole niandike."

Nahodha alitazama kando ya uwanja. Mama mkwe wake alikuwa ameketi pale na akina mama wa kanisa.

"Madam, wacha tu."

"Si ulisema kwa nguvu? Sema."

"Ongea, kijana wetu, tusikie!" akina mama wakadakia.

"Siwezi. Mama mkwe yuko pale."

"Basi nitaandika nilivyosikia. Toka."

Akatoka, kichwa chini.

Wanaodai marefa wapewe askari wafikirie pia kuwaalika mama wakwe. Lakini aliyesimama imara ni refa, na nilijivunia kuwepo.

Wenyeji walifungwa bao moja bila. Kipenga cha mwisho kilipolia, wachezaji wao kumi walipanga foleni wakampa refa mkono.