Shangazi Alivyolifelisha Gari la Mtihani

"Tela hilo nitalirudisha nyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika kikombe cha chai, na chai haimwagiki!"

Shangazi yangu aliyasema hayo kwenye kikao cha wafanyakazi wa bohari ya saruji, kwa kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa. Meneja alikuwa ndiyo kwanza ametangaza kwamba bohari imenunua tela, na dereva atakayeleta leseni ya daraja la matela kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi ndiye atakayekabidhiwa. Asipopatikana, ataajiriwa mtu wa nje. Madereva tisa waliangua kicheko. Shangazi ni wa kumi na ndiye mwanamke pekee, kwa hiyo walikizidisha kidogo.

Ana miaka kumi na moja kwenye lori la tani kumi. Wenzake wanamwita Chuma. Jina lilianza kama kejeli. Siku hizi wanalitamka kwa adabu, wakiwa mbali.

Kupanda daraja si kujaza fomu na kupiga picha. Kuna mtihani wa kompyuta, kuna macho kwa daktari, halafu uwanjani kuna sehemu tatu: kulikagua gari huku ukitaja kwa sauti kila unachogusa, kurudisha tela nyuma katikati ya nguzo, kisha barabarani. Ukianguka ya kwanza, nyingine unazisikia kwa wenzako.

Kompyuta ilimpa arobaini na saba kati ya hamsini. "Hayo matatu imekosea yenyewe," alisema, na mpaka leo hajabadili msimamo.

Ukaguzi nilimfundisha mimi sebuleni, kwa ile nusu ya stashahada ya ufundi magari niliyonayo. Meza ilikuwa kichwa cha lori, kochi likawa tela. Karatasi ya chuo cha udereva ilikuwa na mistari arobaini na miwili ya kukariri. Wa thelathini na moja ulisema: "Nazima injini, nawasha swichi, nakanyaga breki mara nyingi, upepo wa breki unashuka, alamu inalia." Shangazi anakanyaga zulia, mimi nalia "piiii" kama alamu. Jirani alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya mwisho, tulikuwa uwanjani. Watahiniwa kumi na wawili kwenye benchi, yeye wa nne. Watatu wa kwanza walikariri wakapita. Mimi nilisimama karibu na gari nimebeba mkoba wake.

Shangazi alizunguka, akagusa tairi moja moja, akavuta mipira ya upepo, akataja kila kitu. Mtahini, bwana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akawa anatia vema tu. Kisha Shangazi akapanda, akazima injini, akawasha swichi, akakanyaga. Sindano ya upepo ikashuka. Ikafika kwenye wekundu, ikaupita, ikalala chini kabisa. Kimya.

"Haijalia," alisema.

"Sema inalia, mama, tuendelee."

"Nitasemaje inalia na haijalia?"

"Fomu inataka useme. Wenzako watatu wamesema."

"Basi hao wana masikio ya popo. Mimi haya yangu ni ya kawaida."

Mtahini akacheka, akidhani ni utani. "Gari hili limepitisha watu mwaka mzima."

"Ndiyo maana naogopa. Upepo ukiniishia mteremkoni, breki zinajifunga zenyewe, pawe na watu mbele, pasiwe na watu. Nani ataniambia umeisha? Wewe na kalamu zako?"

Kwenye benchi wakaanza. "Mama, shuka, tuna kazi zetu!" Aliyepayuka kuliko wote alikuwa dereva wa lori la mafuta. "Sema tu! Neno moja linakuuma nini?"

"Linaniuma kwa sababu ni la uongo, baba. Wewe unayebeba petroli ndiye ungenisaidia kupiga kelele."

"Usipoendelea naandika umeshindwa," mtahini akasema.

"Andika. Na chini yake andika gari nalo limeshindwa."

"Kwani hapa anayetahiniwa ni nani?"

"Nilidhani ni mimi peke yangu. Kumbe tuko wawili."

Hakushuka. Aliomba fomu, akatafuta ile nafasi ya maoni ya mtahiniwa ambayo hakuna anayeijaza, akaandika kwa herufi nene kama za mfuko wa saruji: ALAMU YA UPEPO HAILII. GARI HILI LISITOKE BARABARANI. Akatia saini, tarehe na saa. Ndipo akashuka.

Aliyefuata alikuwa yule wa mafuta. Akapanda, akakanyaga mara nane, tukamhesabia. Akateremka taratibu.

"Haijalia," aliiambia ardhi.

Mtahini akafunga faili. Mitihani ikaahirishwa wiki mbili, kifaa kinaagizwa. Lakini matokeo ya Shangazi yalibaki vilevile: ameshindwa.

"Ungesema tu hilo neno moja," nilimwambia njiani.

"Neno nimelisema. Hawajalipenda."

Ijumaa tela akapewa mwanamume wa nje ya bohari. Kabla hajalitoa getini, Shangazi alimpandia kebini bila kuomba ruhusa, akazima injini, akawasha swichi, akakanyaga. Alamu ililia, bohari nzima ikageuka.

"Haya, nenda," akamwambia, akarudi kwenye lori lake la tani kumi. Ameshajiandikisha upya, na kauliza kwa maandishi kama gari nalo limejiandikisha. Hajajibiwa.

Hicho kifaa kinachoagizwa nimekiulizia. Kwenye duka la vipuri linalotazamana na geti la uwanja wa mtihani wanakiuza elfu nane.