Sangara wa Siku ya Nne

Mgeni wetu alichovya kidole ziwani, akakilamba, akacheka. Miaka yote alikuwa amevua kwenye maji ya chumvi, kwenye visiwa vya mbali ambako kampuni yake huwapeleka watu wenye nafasi ya kwenda kucheza na samaki. Sasa alikuwa ametumwa kulijaribu ziwa letu. Kama angepata sangara mmoja mkubwa kwa fimbo yake ya kuvulia na kupiga naye picha, kampuni ingejenga kambi visiwani, na mtumbwi wa kaka yangu ungekuwa wa kwanza kukodiwa. Asipopata, angeandika kwamba hakuna kitu.

Mimi ndiye niliyemleta kwa kaka. Niliwahi kufanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Mwanza, kwa hiyo Kiingereza changu kinatosha, na mdomo wangu unatosha zaidi. Nilimfuata kaka kwake Kiseke, nikamkuta amekwisha kupata mnunuzi wa mtumbwi na injini. Nyavu zilikuwa zinarudi tupu, na wakwe zake walikuwa wamempa shamba Misungwi akalime mpunga. Kaka hajui kulima. Hata jembe analishika kama kasia. Nikamwomba asiuze kwanza, anipe siku nne tu.

"Una uhakika, mdogo wangu?"

"Kaka, hii ni yetu."

Sikuwa na uhakika wowote. Nilisema vile kwa sababu sikuweza kustahimili jinsi alivyokuwa akiitazama ile injini, imelazwa sebuleni, imefunikwa kanga ya mkewe.

Tulikwenda kwenye visiwa ambavyo hata wavuvi huvipita tu, mawe matupu yaliyopakwa kinyesi cha ndege mnandi. Ndoano za mgeni zilifungwa manyoya na nyuzi za kumetameta. Alisimama mbele ya mtumbwi akiirusha kamba nyuma na mbele, nyuma na mbele, mpaka jua likatuchosha sote isipokuwa yeye. Kaka alininong'oneza akiwa kwenye injini, "Mwambie sangara wa huku anakula furu na dagaa. Kuku hajawahi kumwona." Nilimtafsiria mgeni kwamba kaka anamtakia heri.

Mgeni alikuwa na sharti moja, na alilitoa asubuhi ya kwanza: samaki akinasa, mtu yeyote asiguse kamba. Kipande cha mwisho cha kamba ni chembamba, hukatika kikivutwa, kwa hiyo samaki anaachwa akimbie mpaka achoke mwenyewe. Nilimweleza kaka. Akauliza, akishachoka? Nikamwambia anapigwa picha, kisha anarudishwa majini. Kaka akaenda zake kuangalia mafuta.

Siku tatu hatukupata hata wa kuchoma. Siku ya pili nilianza kusali. Siku ya tatu niliacha, maana niliona aibu kumsumbua Mungu kwa jambo nililolianzisha mwenyewe kwa uongo.

Siku ya nne, kabla ya saa sita mchana, kaka alichagua mahali mwenyewe, juu ya mwamba uliozama. Mgeni alirusha mara mbili. Mara ya tatu fimbo ikapinda na kamba ikaanza kutoka kwa mlio. Sangara aliruka mara moja, kichwa chote nje, mdomo wazi, akakitikisa akazama. Nimeishi ziwani tangu utotoni na sikumbuki kuona mkubwa kuliko yule. Mgeni alipiga kelele, na kaka, aliyekuwa amenuna siku tatu, naye akapiga kelele.

Kwetu samaki mkubwa haachiwi mtu mmoja. Ukiwa na mshipi mkononi na samaki akakuzidi nguvu, mwenzako anaacha chochote alichoshika, anaipokea kamba, mnavuta wawili. Tumefanya hivyo tangu tukivua na baba. Asiyepokea ni mtu mbaya, na hapati tena wa kuvua naye. Kaka aliita, "Pokea! Mpokee, mdogo wangu!" lakini mimi nilikuwa nimekwisha kushika kwa mikono yote miwili. Niliiegemea kamba kwa uzito wangu wote kama nilivyofundishwa, na kwa muda ule mfupi, nisamehewe, nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Kisha kamba ikawa nyepesi.

Mgeni hakugomba. Aliketi, akaikunja kamba yake taratibu, akaniambia kwa upole kwamba mambo hayo hutokea. Afadhali angenitukana. Picha hakuwa nayo, na samaki asiye na picha hakuwa na faida kwake wala kwetu. Tulipofika Mwanza alitushukuru sana, na kwa jinsi alivyotushukuru nilijua hatarudi.

Tulipofika kwake, kabla hatujaingia ndani, kaka alimpigia simu mnunuzi akamwambia aje asubuhi.

Shemeji alikuwa ameandaa ugali na dagaa. "Haya, mmepata?" akauliza.

"Alinasa," kaka akasema. "Mkubwa kweli. Kamba ya mgeni ikakatika yenyewe. Si unajua vitu vyao, vyembamba vile."

Niliinamisha uso. Shemeji akaleta jagi na beseni kutunawisha, akaanza na kaka, kisha akaja kwangu. Nikafungua viganja. Kamba ilikuwa imepita katikati ya vyote viwili, na mikato ilikuwa bado mibichi. Miaka yote ya ndoa yao amemfunga kaka vidonda vya namna hiyo, na anajua vinatokana na nini. Akaacha kumimina. Alivitazama viganja vyangu, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akitazama ukuta.

Kisha akamimina tena, polepole, kwenye ncha za vidole tu, maji yasiguse kidonda.

"Karibu chakula, shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.